Kichwa cha Mbwa Ambaye Hakuuma

Juzi nilimpeleka paka wa mjukuu wangu kliniki hapa Nakuru mjini. Msichana wa mapokezi akaniuliza paka anaitwa nani, anakula nini, analala wapi, na kama ana wasiwasi wowote. Nikamwambia wasiwasi ninao mimi, paka ako sawa. Hakucheka hata kidogo. Baadaye akatoka daktari, kijana mdogo, ndevu zimechongwa vizuri, akamdunga paka sindano ya kuzuia kichaa na kuniambia, "Mzee, usijali, hii ni ya kawaida tu." Ya kawaida! Nilirudi kwa kiti cha plastiki nikacheka peke yangu mpaka watu wakaanza kunipisha.

Basi nyinyi vijana mnaosomea mifugo, na nyinyi wengine mnaouza dawa kwa agrovet na kuitwa daktari kabla hamjamaliza kusoma karatasi ya dawa, hebu ketini kidogo. Siji kuwahubiria. Nataka tu mjue hiyo sindano ya kawaida ilikuwa nini enzi zetu, na ni nani alikuwa anaipata.

Mimi nilifanya kazi miaka ya hamsini kwa maabara moja ndogo ya mifugo nje ya mji, jengo la mbao na mabati linalotazama mlima Menengai. Kwa jina tulikuwa tunatafiti magonjwa ya ng'ombe. Lakini masetla wa huku, wazungu wenye mashamba kutoka Njoro mpaka Subukia, ng'ombe walikuwa wanafuga na mbwa walikuwa wanapenda, na hayo ni mambo mawili tofauti. Ng'ombe akifa, setla anakunja uso na kuhesabu hasara. Mbwa akikohoa, anawasha gari. Ndiyo maana nusu ya jengo letu ilikuwa ni mbwa na paka. Walilala kwa vyumba vyenye sakafu ya saruji na nyasi kavu, wakila nyama asubuhi na uji wa maziwa jioni. Sisi tulikula posho na maharagwe, na chumba changu kilivuja.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Zakayo, mtu wa upande wa Kabazi, mkubwa wetu kwa chumba cha kupasulia. Alikuwa amepigana Burma akarudi na ukoplo na magoti mabovu. Kila jioni akiwapelekea mbwa uji wa maziwa alikuwa akisema akistaafu ataomba kuajiriwa tena, lakini safari hii kama mbwa. Alikuwa anasema hivyo bila kutabasamu, na mimi kwa siku nyingi sikujua kama anatania.

Daktari wetu alikuwa Mwingereza mrefu, mwembamba, aliyeinama kidogo kama mtu anayeogopa mlango. Watu walimwita Daktari Pole. Alikuwa anasema pole kwa kila kitu. Ukijikwaa, pole. Mbwa akifa, anamwambia maiti pole, halafu anachukua kisu. Kwa kazi yake alikuwa fundi kabisa, hilo sitawadanganya. Mbele ya maikroskopu hakuogopa kitu. Shida yake ilianza akitoa jicho kwa maikroskopu akaona binadamu.

Somo la kwanza nililopewa na Zakayo lilikuwa kwamba kopo la biskuti likija na treni usiliguse. Nikauliza kwa nini. Akaniambia nimuulize karani. Karani wetu alipenda vitu vitamu, na siku moja kopo zuri lenye picha ya maua lilikuja kutoka stesheni, akalifungulia mezani kwake akitarajia kuonja mbili tatu kabla Daktari hajafika. Ndani alikuta kichwa cha mbwa kimefungwa kwa gunia lenye maji, macho wazi. Karani hakula kitu siku hiyo. Biskuti aliziacha mpaka alipokufa.

Vichwa vyenyewe vilikuja kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo unajificha kwa ubongo. Mbwa akiuma mtu, sheria ilikuwa kichwa chake kiletwe kwetu. Tulikuwa tunakata kipande cha ubongo, tunakipaka juu ya kioo, tunatia rangi, na Daktari anatafuta vidoa vyekundu ndani ya chembe. Akiviona, mtu aliyeumwa anaanza sindano mara moja, sindano za tumbo, kila siku asubuhi kwa siku nyingi. Asipoviona, mtu anaambiwa aende nyumbani. Sindano hazikuwa nyingi, zilitoka Nairobi zikiwa kwa barafu, na hospitali haikuagiza bila neno letu. Na kichaa, mjue, kikishaanza hakina dawa. Hakikuwa nayo wakati huo na hakina mpaka leo, hata na hizo simu zenu.

Sasa ukitaka kujua kama ubongo una ugonjwa, ni lazima ubongo uwe bado uko. Hili masetla hawakuelewa kamwe. Tuliwaambia, tuliwaandikia, tulibandika ukutani kwa klabu yao: tafadhali msimpige mbwa risasi ya kichwa. Lakini mwanamume aliyelea bunduki yake kuliko watoto wake hawezi kupiga mbwa tumboni, ataonekana hajui kulenga. Basi tulikuwa tunaletewa vichwa vyenye shimo huku na shimo kule, na katikati hakuna kitu. Zakayo angeinua kimoja, atazame upande wa pili kupitia lile shimo, aseme, "Hongera, Bwana amelenga." Daktari Pole angesema pole.

Nyinyi mnapaswa pia kusikia habari ya paka wa Njoro, kwa sababu inaonyesha ugonjwa mwingine, ambao hauonekani kwa maikroskopu. Memsahib mmoja alikuwa na paka wengi, na paka wakaanza kutetemeka, kuanguka, kukakamaa na kufa. Memsahib akasema mpishi wake amewawekea sumu, kwa sababu mpishi alikuwa amenuna wiki nzima. Mpishi akafukuzwa kabla maiti ya kwanza haijafika kwetu. Zakayo alikuwa na sheria yake, nami nawaachia nyinyi bure: nusa manyoya kwanza, kisu baadaye. Akanusa, akaniambia na mimi ninuse, na Daktari akanusa. Unga wa kuulia kupe. Dawa ya ng'ombe. Memsahib alikuwa anawapaka paka unga huo yeye mwenyewe kwa mkono wake, kwa mapenzi, ili wasisumbuliwe na viroboto. Ng'ombe anaivumilia. Paka anajilamba kutwa nzima, kwa hivyo anaila.

Jibu tulikuwa nalo mchana huo huo. Lakini mtu wa kulipeleka alikuwa Daktari Pole. Alimpigia memsahib simu, nami nilikuwa pale nikifuta meza. Alizunguka, alikohoa, alisifu waridi zake, na mwisho akasema huenda paka hao wana ngozi laini inayohitaji uangalifu wa pekee. Memsahib akashukuru sana. Akaongeza unga. Wiki iliyofuata wakaja paka wengine waliobaki, wote. Mpishi hakuitwa kurudi kazini. Nyinyi mmecheka, na mimi nilicheka. Lakini hiyo tabia ya Daktari kuogopa kumwambia mzungu mwenzake ukweli ndiyo karibu imuue mtoto.

Upande wa Subukia kulikuwa na setla tuliyemwita Bwana Kesho. Hilo jina alipewa na wafanyikazi wake. Ukimwomba ruhusa, kesho. Ukimwomba dawa, kesho. Mshahara, usiseme. Alikuwa na mbwa mkubwa wa rangi ya dhahabu aliyeletwa kwa meli, ana makaratasi ya baba yake na babu yake na babu ya babu yake, na jina lake lilikuwa Meja. Zakayo hilo jina lilimchoma sana. "Mimi nimevuka bahari nikapigwa mabomu, nikarudi koplo," alikuwa anasema. "Huyu hajavuka hata Solai, ni meja." Siku hizo za Hali ya Hatari mimi nilikuwa nikisimamishwa kila kona nionyeshe kipande, kile kitambulisho changu. Meja alikuwa anazunguka mashamba yote apendavyo, na askari wakimwona wanampigia mluzi kwa upendo.

Kwa shamba hilo, kwa laini za wafanyikazi, alikaa mama mmoja kutoka upande wa Bungoma, Mama Nafula. Mumewe alikuwa amekufa, yeye alikamua ng'ombe na kuchuma pareto. Alikuwa na binti mdogo, Nekesa, aliyekuwa hajaota meno ya mbele vizuri, na mbwa mwembamba wa kahawia aliyeitwa Watasema. Nyinyi mnawapa mbwa majina ya wachezaji mpira. Zamani kwa laini mtu alimpa mbwa jina ili majirani wasikie ujumbe kila akimwita. Mama Nafula alikuwa amesengenywa sana kwa kuishi bila mwanamume, akaona awajibu hivyo, asubuhi na jioni, mbele ya mlango wake.

Siku moja Nekesa alikuwa anapitia nyuma ya nyumba kubwa na kopo la maziwa. Meja akashuka veranda, bila kubweka, bila kunguruma, akamuuma mkono na kushikilia. Wakamuaji wote waliona. Mpishi wa Bwana Kesho aliona, na ndiye aliyemtoa mbwa kwa fimbo. Nyapara naye akaenda kumpa Bwana Kesho habari kwamba mtoto ameumwa na mbwa. Bwana Kesho hakuuliza mbwa gani. Alisema sheria ni sheria, mbwa huyo atafutwe, apigwe risasi, kichwa kipelekwe Nakuru. Kisha akamkuna Meja masikio akaingia ndani kula.

Nyapara hakuwa mjinga. Alijua mbwa aliyeuma ni yupi, na alijua pia mbwa anayeweza kupatikana ni yupi. Akaenda kwa mlango wa Mama Nafula, akampiga Watasema risasi ya ubavu. Angalau yeye ndiye mtu pekee wilaya nzima aliyefuata maagizo yetu kuhusu kichwa. Kikaja kizuri kabisa, kizima, kwa kopo la biskuti. Daktari Pole alikitazama kwa furaha. Tukakata, tukatia rangi, akatafuta asubuhi nzima. Hakuna kidoa hata kimoja. Akatuma neno hospitali kwamba mbwa aliyemuuma mtoto wa Subukia ni mzima. Hospitali ikamfunga Nekesa bandeji, ikampa mama yake chupa ya dawa ya kuoshea kidonda, ikawaambia waende nyumbani. Na kile kichwa tukakichoma, kama tulivyochoma vyote.

Haikupita siku nyingi Mama Nafula akashuka kwa lori la maziwa mbele ya geti letu, ameshika mtoto kwa ule mkono usioumwa. Mlinzi akamwambia hapa hatutibu watu. Akasema anajua. Nikatoka kumsikiliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimtafsiria Daktari, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni.

"Nimekuja kuona kichwa cha mbwa wangu," akaniambia. "Mniambie kama mmepata kwa meno yake damu ya mtoto wangu."

Halafu akanieleza yote niliyowaeleza nyinyi sasa hivi. Alieleza bila kupaza sauti. Kaka yake mwenyewe alikufa kwa kichaa cha mbwa huko kwao. Alimwona akililia maji na kuyakimbia maji yakiletwa. Alijua anachokiogopa. Mimi nilikumbuka jinsi tulivyofurahia kile kichwa kizuri.

Nikamwingiza kwa Daktari. Akaanza vizuri na Kiswahili chake, "Mama, wewe nataka nini?" na nilipotafsiri yote akawa mwekundu kuanzia shingo kwenda juu. "Pole, mama," akasema. "Pole sana." Kisha akanigeukia akaanza kueleza kwa Kiingereza, mimi nikitafsiri. Kwamba hospitali inafuata neno la maabara, na neno la maabara limeshatoka. Kwamba ili abadilishe neno hilo ni lazima Meja afungwe na atazamwe, aonekane kama ataugua. Na ili Meja afungwe, itabidi Bwana Kesho aambiwe kwamba kichwa alichotuma hakikuwa chenyewe. Kwamba jambo hilo ni gumu kidogo. Kwamba ni suala la namna ya kulisema.

Mama Nafula alingoja nimalize. Kisha akaniambia nimtafsirie hivi, na nisibadilishe neno. "Muulize, ugonjwa utangoja mpaka apate namna ya kusema?"

Nikatafsiri, sikubadilisha. Daktari Pole akawa anavuta kidole kimoja kimoja mpaka kikalia. Zakayo, aliyekuwa mlangoni na ndoo, hakuondoka kama alivyopaswa. Mwishowe Daktari akachukua kofia. Akamwambia mama abaki na mtoto kwa chumba cha karani, tutarudi. Mimi nikabeba begi lake na ile fimbo ndefu yenye kamba ya kukamatia mbwa, tukaingia gari. Njia nzima ya kupanda Subukia alikuwa anafanya mazoezi. Nilisikia midomo yake. Kila mara akifika mahali pa kusema Meja alikuwa anarudi mwanzo.

Tulifika saa ya chai. Sasa nyinyi hamjaona chai ya masetla. Vita vingeweza kusimama nje ya geti vingoje. Bwana Kesho alifurahi kuona mgeni, akamketisha verandani, memsahib wake akamimina, na mimi nikabaki chini ya ngazi na fimbo yangu, karibu vya kutosha kusikia yote. Wakazungumza mvua. Wakazungumza pareto. Daktari Pole alifungua mdomo, akakubali keki. Wakazungumza jirani aliyeuza shamba. Daktari alifungua mdomo tena, akasifu pazia. Nilikuwa nikifikiria yule mtoto kwa kiti cha karani, miguu haifiki chini, na haki ya Mungu nilitamani kumdunga Daktari na ile fimbo.

Meja alikuwa amelala kwa zulia miguuni pa bwana wake. Sikuwa nimemtazama vizuri mpaka alipoinua kichwa. Taya la chini lilikuwa linaning'inia tu, kama mlango uliokatika bawaba, na mate yanatiririka mpaka kwa zulia. Hili nyinyi mlishike, hata mkisahau mengine yote. Watu wanafikiri mbwa mwenye kichaa ni lazima akimbie akiuma kila kitu. Wengine wananyamaza hivyo hivyo, taya linakufa, hawawezi kumeza. Na kila mwenye mbwa huyo anasema neno moja, dunia nzima, mzungu, Mhindi na Mwafrika.

"Ana mfupa kooni, maskini," akasema Bwana Kesho. Akaeleza kwamba tangu jana anautafuta. Alikuwa ameingiza mkono mzima mpaka kiwiko, memsahib ameshika taya, na mfupa haupatikani. Akamwonyesha Daktari vidole vilivyokwaruzwa na meno, akicheka. Kisha kwa mkono huo huo akachukua kipande kingine cha keki akakiweka kwa sahani ya Daktari.

Daktari Pole aliitazama ile keki. Nadhani ndicho kitu cha kwanza alichokutana nacho maishani ambacho hakuweza kukisifu. Akaweka kikombe chini, akasimama, na kiti kikaanguka nyuma yake.

"Usimguse huyo mbwa tena," akasema. "Hakuna mfupa. Ndiye aliyemuuma yule mtoto."

Bwana Kesho akasema polepole kwamba jambo hilo lilishamalizwa, kichwa kilitumwa, jibu lilikuja. Na hapo Daktari, sijui alikotoa, akamjibu kwa maneno ambayo mimi nimeyakariri kama sala. Alimwambia kama lile jibu la kwanza ndilo litabaki kuwa neno la maabara, basi sindano haziagizwi, si kwa mtoto wala kwake na memsahib, waendelee na chai yao. Na kama wanataka sindano, basi Meja ni mgonjwa, na mtoto anazihitaji kabla yao. Achague.

Bwana Kesho alitazama vidole vyake. Kwa mara ya kwanza tangu apewe lile jina, hakusema kesho. Alisema ingekuwa vizuri kuchukua tahadhari, ya jumla tu, kwa kila mtu aliyekuwa karibu, bila kuingia sana kwa habari ya nani alifanya nini. Yaani mtu anakubali kifo chake kinamkaribia lakini hakubali kwamba mbwa wake aliuma. Memsahib alikuwa analia. Mimi nikapanda ngazi na fimbo, tukamfunga Meja. Alikuwa hana nguvu ya kushindana.

Kichwa cha Meja kilikuwa kimejaa vidoa. Zakayo aliruhusiwa kutazama kwa maikroskopu siku hiyo, akatazama muda mrefu, kisha akasema anasikitika kusema hivi juu ya afisa, lakini Meja alikuwa na kichaa.

Sindano zikaagizwa Nairobi. Na hapa ndipo nilipojua kwamba Daktari Pole, akishaanza, anaweza kuwa mtu mbaya sana kwa adabu yake. Wazungu walikuwa na hospitali yao juu mlimani, sisi tulikuwa na yetu chini, na kila mtu alitarajia boksi ligawanywe, na mnajua lingegawanywa vipi. Daktari akasema kwa upole mno kwamba anasikitika, lakini friji ya kuaminika ni ya maabara, na dawa hii haipendi kutembezwa. Ni suala la barafu tu. Kwa hivyo anayetaka sindano aje hapa kila asubuhi, na daktari wa hospitali atakuja kuwadunga hapa. Tulikuwa na benchi moja tu, nje ya vyumba vya mbwa. Hakuna aliyeweza kubishana na barafu.

Basi wakaja. Mama Nafula na Nekesa kwa lori la maziwa, mpishi pamoja nao kwa sababu alikuwa ameloa mate ya Meja siku ya kumtoa kwa mtoto, Bwana Kesho na memsahib kwa gari lao, kutoka shamba moja, kwa barabara moja. Siku za kwanza Bwana Kesho alisimama kando ya gari akijifanya anatazama Menengai. Lakini sindano za tumbo, vijana, zinauma. Baada ya chache huwezi kusimama wima. Asubuhi moja alikuja akiwa ameinama, akatazama benchi, benchi lilikuwa na nafasi moja tu upande wa Nekesa, akaketi.

Wote walikuwa wameinua nguo, ndivyo ilivyobidi, matumbo wazi yakingoja. Nekesa akatazama tumbo lake lenye alama. Akalitazama la Bwana Kesho, jeupe, lenye alama zile zile. Alikuwa amefikiri sana, ilionekana. Mtoto huyu alikuwa ameambiwa na nyapara, na hospitali, na sisi wenyewe kwa neno letu, kwamba aliyemuuma ni mbwa wa kwao nyumbani.

"Bwana," akamwuliza, "na wewe uliumwa na Watasema?"

Daktari wa hospitali alikuwa ameshika sindano juu, akaiacha juu. Daktari Pole alikuwa mlangoni, na safari hii hata pole hakusema. Mama Nafula alimshika mtoto bega, lakini hakumwambia anyamaze. Bwana Kesho alifungua mdomo kama mtu anayetaka kuzungumzia mvua. Akatazama chini, akatazama tumbo lake, akatazama lile la mtoto.

"Hapana," akasema kwa Kiswahili chake cha shamba. "Hapana Watasema. Meja nauma mimi. Meja nauma wewe. Mbwa yako hapana kosa."

Nekesa akatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa hiyo alikuwa anaijua siku zote, akainua gauni vizuri zaidi adungwe. Hakulia. Alimaliza sindano zake zote na akapona, akakua, akaolewa, na juzi juzi alinitumia salamu kwa mjukuu wake. Bwana Kesho pia alipona. Meja alizikwa chini ya waridi bila kichwa, wakamwekea jiwe lenye jina na cheo. Watasema hakubaki hata jivu.

Lakini asubuhi ile, wakati wengine wakifunga vifungo, Mama Nafula alikuja mpaka tulipokuwa tumesimama mimi, Zakayo na Daktari Pole. Akauliza kama tumesikia alichosema Bwana. Nikamwambia tumesikia. Nikamtafsiria Daktari, naye akasema amesikia.

"Basi msije mkanyamaza tena," akasema, akamshika mtoto mkono wakaenda kungoja lori.